Maharagi Kumi na Matabishi

Mchezo wa soko ulianza kwa sababu ya mawe. Maharagi tuliyokuwa tukipika yalikuja yamechanganyika na vijiwe, na kabla ya kuyatia sufuriani ilibidi mtu akae na sinia magotini ayachambue moja moja. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Siku moja mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka sita, alikuja akaketi ubavuni mwangu, akauliza jiwe linajuaje kwamba liingie katikati ya maharagi na si katikati ya mchele. Nilisema sijui. Akaniambia basi tuliulize. Nikampa sinia amalizie yeye, nikakaa nikimtazama anavyoinua kila kijiwe na kukigeuza mbele ya macho kabla ya kukitupa uani.

Tulikuwa watatu nyumbani. Mimi ndiye mkubwa, yaya, ndivyo tunavyomwita mzaliwa wa mbele huku Bukavu, awe mwanamume au mwanamke. Baada yangu alikuwapo ndugu yetu wa miaka tisa, kisha huyo msichana. Baba alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu na hakurudi. Walituletea habari, na koti lake. Mama aliugua mwaka mzima, naye akaondoka. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha shule, nikajifunza kushona viatu kwa fundi mmoja wa barabarani, na baadaye nikawa na kibao changu mwenyewe cha kushonea karibu na soko la Kadutu. Niliacha shule nikiwa na maswali mengi ambayo walimu walisema tutayafikia mwaka unaofuata, na nadhani ndiyo maana sikuchoka na maswali ya yule mtoto. Mengine yalikuwa yangu.

Shangazi yetu, dada ya baba, anaishi Luberizi, anakolima mpunga na mume wake. Siku ya matanga ya mama alitaka kuondoka na mdogo wetu. Alisema mwanamume hawezi kulea msichana mdogo, na hakusema kwa ubaya. Nilimwomba aniachie. Alikubali, lakini kwa sharti: mtoto akifika miaka sita, aingie shule kama watoto wenzake. Miaka minne ikapita. Mwezi wa sita wa mwaka ninaousimulia alinipigia simu, akauliza afya za wote, akaeleza habari za mvua, kisha akasema:

"Mutoto wa ndugu yangu hatakaa kwa nyumba kuchambua maharagi. Kama mwezi wa tisa haiko shuleni, nakuja kumuchukua."

Nilimwambia ataingia.

Kesho yake nilikwenda katika shule iliyo chini ya kilima chetu, anakosoma ndugu yetu. Mkuu wa shule ni mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliniuliza kama mtoto amepita maternelle, yaani darasa la watoto wadogo. Nilisema hapana. Maternelle ilikuwa nje ya uwezo wangu. Aliniambia darasa la kwanza limeshajaa, watoto wanakaa wanne kwenye benchi la wawili, na nafasi chache zilizobaki anawapa wale ambao hawatamchelewesha mwalimu. Kisha akatazama mikono yangu, iliyokuwa na gundi nyeusi ya viatu hadi kwenye kucha, akapunguza sauti. Nimlete mtoto wiki ya mwisho ya likizo. Kama anaweza kuhesabu vitu hadi kumi na kuzitambua herufi kidogo, atamtafutia pa kukaa. Kama hawezi, basi mwaka ujao.

Mwaka ujao kwangu ulikuwa Luberizi. Nilikuwa na miezi miwili.

Sikuwa na kitabu wala ubao. Nilikuwa na jiko la makaa, tunaloliita mbabula, sinia, unga, na wadogo wawili wenye njaa, basi tukaanzia hapo. Nilimwaga unga kidogo kwenye sinia, nikautandaza, nikaandika herufi kwa kidole. Mdogo wetu aliifuata kwa kidole chake. Ikiharibika tunatikisa sinia na unga unasahau yote. Mwisho wa somo unga huohuo tunausongea bugali. Ndugu yetu wa miaka tisa alidai kwamba siku tuliyoandika herufi nyingi bugali ulikuwa mzito zaidi. Tulipima siku mbili mfululizo, siku moja kwa unga ulioandikwa, nyingine kwa unga usioandikwa, na hatujakubaliana mpaka leo.

Jumapili nilikanda unga wa mandazi na kuukata vipande virefu kama kamba, nao wakavikunja viwe herufi kabla sijazitia katika mafuta. O ilitoka vizuri siku zote. S ilijinyoosha, ikatoka kama mnyoo. E ilikatika meno. Kanuni ilikuwa moja: unataja herufi kabla ya kuiuma. Ndugu yetu aliziuma kwanza, halafu akataja herufi yoyote, maana hapakuwa na wa kumbishia. Mdogo wetu alikula polepole, akianzia pembeni, na alipofika katikati ya A aliniuliza kama bado ni A.

Jirani yetu, mama mmoja anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alikuwa akipita uani kwetu kwenda kuchota maji. Hakuna siku aliyopita bila neno.

"Papa-maman, leo tunakula alfabeti?"

"Karibu, maman. Imebaki Z."

"Z inajaza tumbo ya nani? Niwekee M, iko na miguu mingi."

Alikuwa akinicheka kwa kupika, lakini ni yeye aliyenilelea mtoto. Asubuhi, nilipokuwa kwenye viatu, mdogo wetu alikaa naye sokoni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya beseni la sambaza. Na huko ndiko alikojifunza kuuza.

Kwa hiyo tulipofika kwenye kuhesabu, ni mtoto mwenyewe aliyechagua mchezo. Baada ya kuchambua maharagi aliyapanga mbele yake kwenye majani ya mgomba na kuniambia niwe mteja. Mimi naomba saba, yeye anahesabu saba kwa sauti. Naomba kumi, anahesabu kumi. Ndugu yetu alikuwa mtoza ushuru wa soko: alizunguka na kipande cha karatasi, akapiga mluzi, akachukua haragi moja kwa kila muuzaji, na kwa kuwa muuzaji alikuwa mmoja tu, alizunguka mara nyingi. Tulicheka sana na mtoza ushuru huyo.

Nami nilitaka mchezo ufanane na soko lenyewe. Sokoni kwetu, ukishapimiwa, muuzaji anakuongezea kidogo juu yake, na hiyo nyongeza ndiyo matabishi. Asiyetoa matabishi anajulikana, na watu wanampita. Basi mtoto alipohesabu maharagi kumi na kuyatia kiganjani mwangu, sikuondoka. Nilibaki nimenyoosha mkono.

"Na matabishi, maman?"

Mara ya kwanza alishtuka, akacheka, akaniongezea moja. Nilimsifu. Nilimwambia bila matabishi mimi sirudi kwake, naenda kwa yule mwingine wa pale mbele. Siku ya pili nilimkumbusha tena. Siku ya tatu hakungoja kukumbushwa. Alihesabu hadi kumi kwa sauti, halafu akaokota moja kimya kimya, akaliweka juu ya mengine na kunifungia vidole. Alifanya hivyo kwa heshima, kama jirani yetu anavyofanya, na mimi niliona raha kumtazama. Nilikuwa nimesahau kwamba tunajifunza hesabu.

Miezi miwili ikaisha. Nilimwosha, nikampaka mafuta, jirani akamsuka nywele, tukashuka kilima.

Mkuu wa shule alimkalisha mbele ya meza yake. Alimwonyesha herufi kwenye karatasi, na mtoto akazitaja vizuri, akiongeza kwa hiari yake kwamba E inavunjika. Mkuu wa shule aliniangalia juu ya miwani. Nilisema ni habari ndefu. Kisha akavuta kopo la vizibo vya soda, akalimwaga mezani.

"Nipe vizibo kumi, mama."

Mtoto alihesabu kwa sauti, moja mpaka kumi, akisogeza kila kizibo kwa kidole. Akavikusanya, akavitia mkononi mwa yule mama. Mkuu wa shule akavihesabu. Vilikuwa kumi na kimoja.

"Nipe vitano."

Alimpa sita. Aliomba viwili, akapewa vitatu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nikidhani ni hofu, nikamgusa bega atulie. Hakuwa na hofu. Alikuwa anatabasamu kwa yule mama, tabasamu la muuzaji.

Mkuu wa shule alirudisha vizibo kwenye kopo.

"Papa, mutoto huyu anaimba namba. Kuzijua, bado. Herufi ziko sawa, lakini sina nafasi ya mutoto wa kuanzia moja. Mutarudi mwaka ujao."

Nilijaribu kusema kwamba nyumbani anahesabu. Alijibu kwamba kila mzazi anamwambia hivyo, na nje kulikuwa na foleni. Tukatoka.

Kupanda kilima kile huchukua karibu nusu saa. Mtoto alikuwa mbele yangu, akiruka mifereji, na mimi nyuma nikifikiri nitamwambiaje shangazi. Niliona basi la Uvira, lipitalo Luberizi, niliona mfuko mdogo wa nguo. Lakini katikati ya mawazo hayo kulikuwa na kitu kingine kinachonisumbua, nacho kilizidi kukua kadiri tulivyopanda. Asiyejua kuhesabu anakosea huku na huku. Leo anazidisha, kesho anapunguza, mara moja anapata kwa bahati. Huyu alikuwa amezidisha kimoja, mara tatu, bila kukosea hata mara moja. Nilisimama katikati ya njia, mtu mwenye gunia akanipigia kelele nimpishe. Kosa la namna hiyo nilitaka kulijua.

Tulipofika nyumbani sikuwasha hata moto. Nilitafuta vizibo uani, nikaviweka chini. Nilimwambia mtoto ahesabu kumi, avipange tu kwenye mkeka. Alipanga kumi. Nilivihesabu mara mbili. Nikamwambia ampe kaka yake kumi. Alimpa kumi, tena kwa kumrushia, maana walikuwa wamegombana asubuhi. Kisha nikanyoosha mkono wangu mwenyewe, nikamwambia:

"Nipe kumi."

Akahesabu kumi kwa sauti. Halafu, kimya kimya, akaweka kimoja juu yake.

"Hizi ziko ngapi?"

"Kumi."

"Na hii ya juu?"

Aliniangalia kama mtu anayemwonea haya mkubwa wake.

"Ile haihesabiwe, yaya. Ile ni matabishi."

Nilikaa chini. Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kwa nini basi kaka yake hakumpa matabishi. Akasema kaka yake ni wa ushuru. Na mama wa shuleni?

"Yeye aliomba muzuri. Nikasema nimuongezee, juu arudi kwetu."

Ndugu yetu alianza kucheka, nikamtazama akaacha. Sikujua kama nicheke au nilie. Mtoto alikuwa anajua kumi, na alikuwa anajua kinachobaki nje ya kumi, na alivitenganisha kichwani mwake bila mtu kumwambia. Aliyekosea ni mimi. Kwa miezi miwili nilikuwa nimekinga kiganja changu na kupokea matabishi, na sikumwambia hata siku moja kwamba kuna watu wasiotakiwa kupewa.

Nilijaribu kulirekebisha palepale. Nilimwambia shuleni hakuna matabishi. Akauliza kwa nini tuwanyime. Nilieleza, naye akazidi kukunja uso, na nilipomwomba tena kumi akanipa tisa, akisita, kisha akaanza upya na kupotea. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kile alichokuwa nacho kizima, nilikuwa nakaribia kukivunja kwa haraka yangu.

Jirani alikuwa amesikia yote kutoka uani kwake. Alikuja na beseni lake kichwani, akacheka mpaka akalitua. Kisha akakaa kwenye jiwe, akajifuta macho kwa kitenge, akawa mtu mwingine.

"Wewe muache mutoto. Enda umuambie direktrisi wa shule vile ilikuwa."

"Atasema namutetea."

"Direktrisi naye anaendaka sokoni. Ananunuaka kwangu. Na matabishi anaombaka."

Kesho yake, ambayo ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha, tulishuka tena. Tulisubiri mpaka foleni ikaisha. Mkuu wa shule aliponiona alivua miwani.

"Papa, nilikwisha kukujibu."

Nilieleza vibaya. Nilianzia kwenye mawe ya maharagi, nikarudi kwenye jani la mgomba, nikasema kosa ni langu, nikamsahau mtoza ushuru kisha nikamrudisha bila sababu. Yeye aliweka kalamu chini. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, na nikaona udadisi uleule uliokuwa umenisimamisha njiani jana ukimwingia polepole. Alivaa miwani. Alivuta lile kopo.

"Bon. Leo mimi ndiye nauza. Wewe mama unanunua. Unataka ngapi?"

"Saba," alisema mtoto.

Mkuu wa shule akahesabu vizibo saba kwa haraka, kama wafanyavyo sokoni, akamtilia mikononi. Mtoto akaviweka mezani na kuvihesabu upya kwa kidole.

"Ziko saba."

Lakini hakuondoka. Mkono wake ulibaki wazi juu ya meza.

"Nini tena?"

"Matabishi, maman."

Yule mama aliangalia dirishani kwa muda. Alipogeuka alikuwa ameuma midomo yake kwa ndani. Akaongeza kizibo kimoja.

"Sasa uko na ngapi?"

"Saba na matabishi."

"Hapana. Ukizitia zote kwa chungu kimoja, zinakuwa ngapi?"

Hilo nilikuwa sijawahi kumuuliza. Mtoto alikunja uso. Alivisogeza vyote pamoja, akaanza moja, akafika saba, akashika kile cha nane akakitazama pande zote mbili, kama alivyokuwa akitazama vijiwe.

"Nane," alisema taratibu.

Mkuu wa shule akaegemea meza, akamweleza kwamba shuleni mwalimu akiomba vitano, anapewa vitano. Matabishi ni ya soko na ya nyumbani. Mtoto alisikiliza yote.

"Hata kwako?"

"Hata kwangu. Nitarudi tu, usiogope. Sasa nipe vitano."

Alihesabu vitano kwa sauti, akavitia mkononi mwake. Kisha mkono wake, bila yeye kuuamuru nadhani, ukarudi mezani na kushika cha sita. Nilitaka kusema kitu. Nilijizuia kwa kushika ukuta. Alikishika kile kizibo muda mrefu. Alinigeukia, nami sikufanya ishara yoyote, maana sikujua ni ishara gani isingekuwa kumfanyia mtihani wake. Akamtazama yule mama. Halafu akakiangusha kwenye kopo, na tukasikia kilivyolia.

Mkuu wa shule akafungua daftari, akaniuliza jina la mtoto na mwaka aliozaliwa.

Jioni ile nilimpigia shangazi. Nilimwambia mtoto ameandikishwa, akanitaka nirudie. Kisha akauliza kama viatu viko. Nilimkumbusha kazi yangu. Akauliza atakula nini asubuhi kabla ya kwenda, nikasema uji, akasema uji mtupu haumfikishi mtoto saa sita, nitie karanga, tena nizitwange mwenyewe, nisinunue zilizotwangwa. Alinieleza namna ya kuzikaanga, muda gani, moto gani, hadi salio likaisha. Hakutaja tena kuja kumchukua.

Siku ya kwanza walishuka kilima wawili, ndugu yetu akiwa mbele kwa sababu hakutaka waonekane pamoja, mdogo wetu nyuma akimkimbilia. Nilikwenda kwenye kibao changu. Nilishona soli moja mara mbili. Nilikuwa najiuliza wanamfundisha nini saa ile, na kama anauliza, na nani anamjibu.

Saa sita na nusu nilikuwa nyumbani kabla yao. Alipoingia aliweka mfuko chini, akanywa maji. Nilimuuliza wamejifunza nini.

"Tumejifunza kukaa."

Nilimuuliza kukaa namna gani. Akachukua kigoda, akakiweka katikati ya chumba, akakalia ukingo wake wa kushoto ili wengine watatu wapate nafasi, akakunja mikono kifuani na kunyamaza. Mimi na ndugu yetu tulibaki tumesimama tukimtazama, na hakucheka.